Kabla ya kuandika barua, jiulize unamtaka nani afanye nini

Nilipokuwa katibu wa kamati ya maji mtaani kwetu, niliandika barua ya kurasa tatu kwa ofisi moja, nikaianza kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", nikaifunga kwa "Wako katika ujenzi wa taifa", nikajiona hodari wa kalamu. Wiki kadhaa baadaye ofisa mmoja alinipigia simu, akauliza kwa upole, "Katibu, mnaomba nini hasa?" Nilipoisoma upya niliona kuwa ombi lenyewe lilijificha katika aya ya tisa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika, huikumbuka barua ambayo Machemba, kiongozi wa Wayao wa kusini mwa Tanzania ya leo, alimpelekea Hermann von Wissmann, kamishna wa Ujerumani katika Afrika Mashariki, mwaka 1890, baada ya kutakiwa aende pwani kuukubali utawala wa Wajerumani. Alimjibu, kwa Kiswahili, kwamba haoni sababu ya kumtii, kwamba hatamwangukia miguuni mtu aliyeumbwa na Mungu kama yeye, na kwamba hatakwenda. Kama Mjerumani ana nguvu, basi na aje amchukue. Bunduki ndizo zilizoamua mambo mwishowe, lakini hakuna aliyehitaji kumpelekea Machemba mjumbe kumuuliza alimaanisha nini.

Hotuba ni ngumu zaidi, kwa kuwa msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia Kagera, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akasema: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Kampala ilitekwa na askari mwezi Aprili 1979, wala si na sentensi, ila mtu aliyeisikia redioni mara moja aliweza kuirudia sokoni bila kupoteza neno, akajua anachangia nini na kwa nini. Kwa hiyo nakushauri uisome hotuba yako kwa sauti mbele ya mtu, kisha umwombe akueleze ulichosema. Akianza kusitasita, punguza.

Barua yangu ya pili ilikuwa nusu ukurasa: bomba lililopasuka, mahali lilipo, na tarehe tuliyoomba liwe limezibwa. Fundi alikuja. "Wako katika ujenzi wa taifa", nakiri, niliiacha palepale.