Kabla Hujanunua Pampu ya Kuoshea Taa, Fuata Maji Yanakoishia

Wenye magari ya zamani yaliyotoka Uingereza mnavijua vile vifuniko viwili vidogo kwenye bampa, chini ya taa. Vikiwa vizima, huchomoka na kurusha maji kwenye taa za mbele. Hapa Arusha vingi vimekufa kitambo, na mafundi wengi watakuambia uvizibe, usahau. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Toka Moshi usiku wa kiangazi, pita Boma Ng'ombe na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, halafu simama uzitazame taa zako. Masika ndiyo usiseme, kila lori linakuachia tope. Taa chafu haifichi tu mwanga, inautawanya, na anayeumia macho ni dereva anayekuja mbele yako. Kwa taa za xenon, zile za gesi zenye mwanga mkali, ni hatari zaidi: balbu moja hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) kama 3,200, zaidi ya mara mbili ya balbu ya kawaida ya halojeni, H7. Ndiyo maana kanuni za Ulaya zikataka taa za xenon zinazozidi lumeni 2,000 ziwe na kifaa cha kuzisafisha.

Hakikisha kwanza kwamba mfumo ni mbovu kweli. Magari mengi hayaoshi taa zikiwa zimezimwa, kwa hiyo ziwashe, kisha vuta swichi ya maji ya kioo na uishikilie kidogo. Mengine huosha mara ya kwanza tu, halafu yanasubiri uvute mara kadhaa ndipo yaoshe tena. Na maji yakipungua kwenye tangi, baadhi huacha kuosha taa ili yaliyobaki yafae kwa kioo. Jirani yangu aliuziwa pampu mpya wakati tangi lake lilikuwa karibu tupu, na hilo liliniuma.

Baada ya hapo, tega sikio. Injini izimwe, swichi ya ufunguo iwe on, mtu avute maji wewe ukiwa umeinama karibu na bampa. Kama ni kimya, angalia fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu), kisha soketi ya pampu. Hiyo hukaa chini kabisa, tope linarukia, na pini zake hushika kutu ya kijani. Weka testa hapo. Umeme ukifika na pampu isigeuke, sasa nunua pampu.

Gari langu lilikuwa linanguruma vizuri, maji tu hayafiki. Nilivua plastiki ya ndani ya tairi, nikakuta udongo umelowa sehemu moja, chini ya kiungo cha mpira kinachogawa maji kulia na kushoto. Mpira ulikuwa mkavu, na una ufa mdogo ambao hufunguka presha ikija tu. Fundi alitaka kuuzungushia waya. Usikubali! Presha ya pampu hii ni kubwa kuliko ile ya kioo, na waya utakata mpira. Tulikata kipande kilichokufa, tukaunga mpira mpya mnene, tukabana kwa klempu za skrubu.

Nozeli ya kushoto, kile kichwa kinachorusha maji, nayo ilichomoka nusu, ikagoma kurudi. Hii hapa kwetu ni kawaida, vumbi linajaa kwenye shina. Ivute taratibu kwa vidole, ishikilie, isugue kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu hadi maji yatoke safi. Lainisha kwa silikoni ya kupuliza. Grisi na oili hapana, zitakamata vumbi upya. Tundu likiziba usilichokonoe kwa sindano nene, maji yatapoteza mwelekeo. Ifungue nozeli, upeleke kwa watu wa matairi waipulize kwa upepo kutokea nyuma.

Na tuache kumwaga sabuni ya unga kwenye tangi. Isiyoyeyuka hutuama chini na kuziba chujio la pampu. Maji ya kuzunguka Mlima Meru nayo yana floraidi na madini mengi. Yakikaukia kwenye tundu huacha ukoko mweupe. Mimi nakinga ya mvua, nayachuja kwa kitambaa.

Lenzi iliyokwisha kuwa ya njano haitasafishwa na maji haya. Hiyo inahitaji msasa laini na polishi. Ukilazimika kununua nozeli, kumbuka ya kushoto na ya kulia mara nyingi si sawa. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi.