Kiapo cha Kesha Hakifungi Simu

Wiki hii umeingia ujumbe kutoka kwa kijana wa Mukono, mwimbaji wa kwaya. Kwenye kesha la mwisho wa mwezi alikwenda mbele, akalia, akafuta programu za kubeti na kurasa zote za picha chafu. Haikupita wiki, vyote vikarudi. Anaomba aombewe, na anauliza afunge siku ngapi.

Ndugu yangu, utaombewa. Funga pia ukiweza. Lakini sidhani toba yako ilikuwa ya uongo. Uliomba usiku mmoja, kisha ukarudi kwenye chumba kilekile, simu ikiwa palepale chini ya mto, pesa zikiwa mle mle ndani ya simu. Paulo aliwaandikia Warumi: "msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake" (13:14). Kwa mwenye simu, hiyo ni kazi ya kufanywa saa nane mchana, ukiwa umeshiba na akili imetulia. Ukiiacha mpaka saa sita usiku, umechelewa.

Anza na mahali simu inapolala. Isiwe karibu na mkono, na ikiwezekana isiwe chumbani kabisa. Kwenye hosteli za Kikoni na Wandegeya, jijini Kampala, hili ni gumu, maana mara nyingi soketi iko pembeni mwa kitanda. Nunua waya mrefu wa umeme uipeleke chaji mlangoni, au mkabidhi simu mwenzako wa chumba anayelala mapema. Utajipa sababu mbili za kuirudisha kitandani: kengele ya asubuhi na Biblia iliyo ndani ya simu. Kengele, nunua saa ndogo ya betri, wachuuzi wa mjini wanazo. Biblia, nunua ya karatasi. Ile ya kwenye simu inafaa ukiwa kwenye taksi au ibadani, lakini saa nne usiku arifa za kila programu zitakuita kabla hujamaliza Zaburi moja.

Halafu kuna bando. Zile za usiku wa manane huuzwa bei rahisi, na mwanafunzi hujiambia ananunua ili apakue masomo. Anachonunua hasa ni ruhusa ya kuwa macho peke yake wakati kila mtu amelala. Lipa zaidi kidogo, chukua ya wiki, na zima data saa nne.

Sasa kichujio. Simu yoyote ya Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu ya DNS ya faragha (Private DNS), ndani ya mipangilio ya mtandao; ndiyo huamua simu itatafuta anwani za tovuti kupitia kwa nani. Ifungue, chagua kuandika jina la mtoa huduma, uandike family.cloudflare-dns.com, kisha hifadhi. Ni bure, inafanya kazi kwenye data na kwenye Wi-Fi, na tovuti nyingi za ngono hazitafunguka tena. Ukikosea herufi moja, intaneti yote itakufa na utadhani mtandao umekatika, kwa hiyo hakiki kwanza kabla ya kulaumu laini. Ujue pia mipaka yake: haizuii tovuti za kubeti, wala haioni picha zinazopita ndani ya WhatsApp, Telegram au X. Kwa WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, na kwenye faragha chagua kwamba watu unaowafahamu tu ndio wanaweza kukuingiza kwenye makundi. Makundi mengi ya uchafu humfikia mtu bila yeye kuyatafuta.

Kichujio hicho hapa Uganda huvunjwa zaidi na VPN, programu inayopitisha intaneti ya simu njia nyingine ili kukwepa vizuizi. Facebook ilipofungwa Januari 2021, simu nyingi nchini ziliingizwa VPN, na nyingi bado zinayo. VPN ukiiwasha inaweza kupita pembeni ya kichujio chako kana kwamba hakipo. Amua moja: Facebook au amani. Kama kazi yako inadai Facebook, itumie kwenye kompyuta ya ofisini, na kwenye simu VPN itoke. Kama simu yako ina kufuli ya programu, mwambie mtu mwingine aweke namba ya siri yake kwenye mipangilio na kwenye Play Store. Wewe usiijue namba hiyo. Kipima muda ulichojiwekea mwenyewe utakiondoa kwa sekunde chache, wala usijidanganye nacho.

Huyo mtu mwingine ndiye anayekosekana kwa vijana wengi, na hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu tuna urithi tunaoutupa. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini kule Rwanda na Kampala ya akina Simeoni Nsibambi mwishoni mwa miaka ya 1920, uliwafundisha walokole kutembea nuruni. Mtu alisimama mbele ya ndugu akaitaja dhambi kwa jina lake, akasaidiwa. Sisi tumebaki na nyimbo zao. Dhambi ya simu inaungamwa kimoyomoyo, gizani, kwa Mungu peke yake, na asubuhi inaendelea. Yakobo 5:16, inayotutaka tuungamiane dhambi sisi kwa sisi, haikusema hivyo.

Tafuta mtu mmoja. Awe wa jinsia yako, amekuzidi miaka kadhaa, na anajua kunyamaza. Asiwe mchumba wako, wala rafiki mwenye shida ileile, maana mtafarijiana mpaka mzame wote. Kutaneni ana kwa ana, siku moja ya wiki isiyobadilika, robo saa inatosha. Usimwambie hali yako, mwonyeshe. Fungua ukurasa wa matumizi ya simu aone saa ulizokaa kwenye kila programu na siku gani. Fungua orodha ya miamala ya MoMo au Airtel Money asome mwenyewe. Kisha akuulize simu ililala wapi kila usiku. Mambo huharibika pale mnapogeuza hili kuwa kundi la WhatsApp la watu kumi, au unapoanza kuungama kwa maandishi. Maandishi hupigwa picha, na picha ya skrini huzunguka kanisa zima kabla ya Jumapili. Yasemwe kwa mdomo tu.

Tuje kwenye pesa. Kama hujafika miaka 25, sheria ya michezo ya kubahatisha ya Uganda ya mwaka 2016 imeshakukataza kubeti, kwa hiyo huhitaji hata kuanza mjadala wa Biblia. Kama umevuka umri huo, mjadala uko palepale. Kufuta programu hakufungi akaunti. Waandikie wahudumu wa kampuni uombe akaunti ifungwe kabisa, hifadhi jibu lao, kisha zuia namba zinazokutumia ofa za kubeti bure. Pesa ikiingia kwenye simu, iondoe ndani ya saa ya kwanza: fungu la kumi, kodi, akiba ya Sacco, na ada ya mdogo wako kama unamlipia. Ibaki nauli na chakula cha wiki. Kubeti hulelewa na ile elfu moja iliyobaki bila kazi.

Anayebeti hukopa, na mikopo ya programu ndiyo shimo la pili. Tuseme umeomba 100,000, wakakata ada mwanzoni ukapokea 85,000, na unatakiwa kurudisha 100,000 baada ya siku 14. Umelipa 15,000 juu ya 85,000, karibu asilimia 18 kwa wiki mbili. Kopa tena ili ulipe ule wa kwanza, na ndani ya miezi miwili mshahara si wako. Kabla ya kukubali chochote, angalia kama mkopeshaji ana leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji hawa. Programu ikiomba kusoma majina yote kwenye simu yako, kataa na uiondoe. Majina hayo hutumika kukuaibisha: siku ukichelewa, mama yako, mchungaji na mwajiri wako watapata ujumbe kwamba wewe ni mwizi. Mithali 22:7 inamwita akopaye mtumwa wa akopeshaye, na vijana wetu wanaionja kweli hiyo kila mwisho wa mwezi.

Neno fupi kuhusu tetesi za kanisani. Ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi, na aliyekutumia hajui ulikoanzia. Kama unamhusu ndugu, Mathayo 18:15 inakutuma kwake, wewe na yeye peke yenu. Usiusambaze.

Jambo la mwisho ni zito, na wengi hawaandiki wazi. Mtu akishika picha zako za utupu na kudai pesa, usilipe. Ukilipa mara moja, atarudi, kwa sababu amejua una pesa na una hofu. Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini zenye namba yake, tarehe, kiungo cha akaunti na namba ya simu anayotaka itumiwe pesa, umpe mtu unayemwamini azihifadhi. Ndipo umzuie na kuripoti akaunti yake. Kama ulikuwa na miaka 18 au zaidi picha ilipopigwa, ingia StopNCII.org. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Mfumo hutengeneza alama yake tu, na majukwaa yaliyojiunga, Facebook na TikTok yakiwamo, huitumia alama hiyo kuizuia. Kama ulikuwa chini ya miaka 18 ilipopigwa, tumia Take It Down, huduma ya mtandaoni ya aina hiyohiyo. Mtoto hapa Uganda anaweza pia kupiga 116 bure. Polisi usiende peke yako. Nenda na mzazi au mwanasheria, na dada zetu wanaweza kuanzia FIDA Uganda, wanaotoa msaada wa kisheria kwa wanawake. Na kiongozi wa vijana akiletewa jambo hili, asiombe kuiona picha.