Hundi Iliandikwa kwa Jina la Nani? Majibu ya Barua Zenu Kuhusu New Deal

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Mdororo Mkuu wa Uchumi wa Marekani, ule ulioanza 1929, na mipango ya Rais Franklin Roosevelt iliyoitwa New Deal, kuanzia Machi 1933. Nimechagua zinazonipa nafasi ya kurudia wimbo wangu wa siku zote, wala sioni aibu. Ukiniambia serikali imemwaga mamilioni ya msaada, sishtuki. Nataka kujua hundi iliandikwa kwa jina la nani.

SWALI: Nijibu kwa neno moja tu. New Deal iliumaliza mdororo au haikuumaliza?

Haikuumaliza. Neno moja hilo, umelipata. Ila mmekuwa wengi mno wenye swali hili, na nahisi kila mmoja ana ubishi anaotaka kwenda kuushinda, basi beba na haya. Mwaka 1933 katika kila wafanyakazi wanne, mmoja hakuwa na kazi. Kufika 1937 ukosefu wa ajira ulishuka hadi asilimia 14 hivi. Roosevelt akaona mgonjwa kapona, akapunguza matumizi. Benki kuu nayo ilikuwa imezilazimisha benki kuweka akiba mara mbili ya awali, na kodi ya pensheni ikaanza kukatwa kwenye mishahara mwaka huohuo. Mwaka 1938 tukawa kwenye asilimia 19. Kilichokuja kuwapa watu wote kazi ni viwanda vya vita.

Tahadhari moja: hesabu hizo zinamweka kwenye kundi la wasio na kazi hata yule aliyekuwa akijenga barabara kwa mshahara wa serikali. Ukimtoa humo, picha inabadilika sana. Anayekurushia takwimu za miaka hiyo muulize kwanza yule mwenye sepetu mkononi kamweka fungu gani.

SWALI: Rais Hoover, aliyemtangulia, si alikaa tu akitazama?

La. Januari 1932 alisaini sheria ya kuunda shirika la kukopesha benki, reli na kampuni za bima. Hundi kwa hiyo ziliandikwa kwa majina ya benki na reli, na mwenye njaa akaambiwa avumilie, zitamfikia.

SWALI: Ni kweli serikali ya Roosevelt iliua nguruwe na kung'oa pamba wakati watu wanalala njaa? Au ni propaganda?

Ni kweli tupu. Mwaka 1933 nguruwe milioni 6 hivi walinunuliwa na kuchinjwa kabla ya wakati, na ekari milioni 10 za pamba zikafukuliwa kwa plau zikiwa tayari zimeota. Hoja ilikuwa bei. Pamba ilikuwa imeporomoka hadi senti 6 hivi kwa ratili, mkulima anavuna hasara, na kila akizidisha kulima ili kufidia, bei inazidi kuzama. Serikali ikasema: punguza, tutakulipa kwa ulichopunguza. Husimuliwa kwamba nyumbu wa kulimia walikataa kuikanyaga ile mistari ya pamba, maana maisha yao yote walikuwa wamechapwa wasiikanyage. Sehemu ya nyama ile iligawiwa wenye njaa, lakini nguruwe wengi walikuwa wadogo mno, wakaishia kuwa mafuta na mbolea.

Wengi mnakomea kwenye nguruwe, kwa sababu nguruwe anauma moyo na ni rahisi kusimulia. Mimi nataka tukae kwenye pamba.

Katika majimbo ya kusini, mtu mwenye jembe mkononi mara nyingi hakuwa mwenye ardhi. Alikuwa mkulima wa kugawana mavuno: shamba la bwana, mbegu za bwana, deni kwenye duka la bwana, na mwisho wa msimu wanagawana. Mkataba wa kupunguza pamba kwa 1934 na 1935 ulisainiwa na serikali pamoja na mwenye shamba. Mkulima hakuweka hata dole gumba. Hundi ilikwenda kwa bwana, na bwana ndiye aliyetakiwa kummegea mkulima fungu lake. Fikiria sasa umekaa mezani kwa bwana huyo, kalamu mkononi. Umelipwa ili usilime ekari kadhaa. Ukimwacha mkulima wako abaki, unagawana naye. Ukimfukuza, au ukimgeuza kibarua wa kutwa, hundi yote ni yako. Wengine waligawana kwa haki. Maelfu ya familia, weusi kwa weupe, zilijikuta barabarani na magodoro yao.

Wakulima kama hao katika jimbo la Arkansas, weusi na weupe pamoja, waliunda chama chao mwaka 1934. Ndani ya Wizara ya Kilimo, iliyosimamia mpango huo, wanasheria kadhaa walijaribu kuusoma mkataba kwamba mwenye shamba lazima abaki na wakulima walewale. Februari 1935 walifukuzwa kazi, na Waziri wa Kilimo Henry Wallace akaridhia. Mwaka 1936 Mahakama ya Juu ikaifuta kodi ya viwanda vya kusindika mazao iliyokuwa ikigharamia mpango huo. Haikufanya hivyo kwa ajili ya wale wa barabarani. Wenye kiwanda ndio waliolalamika.

SWALI: Kwa nini vijana waliopanda miti walilipwa dola 30 kwa mwezi lakini wakapewa 5 tu? Si wizi huo?

Afadhali umeuliza, maana hapa ndipo hundi iliandikwa vizuri. Jeshi la vijana wa misitu, CCC, lilianza 1933 na likadumu hadi 1942. Liliwachukua vijana wasiooa ambao familia zao zilikuwa na shida, likawapa kambi, nguo na chakula. Kati ya dola 30, kwa kawaida 25 zilitumwa moja kwa moja nyumbani. Kijana wa miaka 18 hakuombwa awe na huruma. Mama alipokea bahasha, akalipa kodi ya nyumba, na duka la jirani likapata mteja. Vijana karibu milioni 3 walipitia humo, na miti waliyopanda inakadiriwa kufika bilioni 3.

Usiniulize kama ulikuwa mpango wa malaika. Kambi za weusi zilitengwa na za weupe, na wasichana waliopata kambi zao ni 8,500 hivi tu.

SWALI: Tofauti ya PWA na WPA ni nini?

Nimeshaijibu hii, na barua tatu za leo zimeirudia kana kwamba sikusema neno. Kwa mara ya mwisho: PWA ilikuwa chini ya Harold Ickes, ilitoa fedha za miradi mikubwa kupitia wakandarasi, na Ickes alikagua kila senti hadi watu wakachoka kumsubiri. WPA, ya 1935 hadi 1943, ilikuwa ya Harry Hopkins, nayo iliajiri wasio na kazi moja kwa moja: watu milioni 8.5 kwa jumla, na takriban kilomita milioni 1 za barabara zilizojengwa au kukarabatiwa.

Niongeze msiloniuliza. Mwendo wa Hopkins ndio ulioshibisha watu, lakini WPA iliajiri mtu mmoja kwa kila familia, na orodha za kazi zilipitia kwa wakubwa wa maeneo. Mwaka 1938 kelele zilizuka kwamba kazi zinabadilishwa kwa kura. Mwaka 1939 Bunge likapitisha sheria ya kuwazuia watumishi wa serikali kuu kupiga kampeni. Fedha ya haraka inataka mlinzi wa haraka, na mara nyingi mlinzi huja akiwa amechelewa.

SWALI: Roosevelt aliwanyang'anya watu dhahabu yao?

Aliwaagiza waisalimishe kwa dola 20.67 kwa wakia, mapambo na sarafu chache zikaachwa. Januari 1934 bei ikapandishwa hadi 35. Tafuta mwenyewe jina la kuuita mchezo huo.

SWALI: Kuzifunga benki zote nchini hakukuzidisha hofu?

Nyingi zilikuwa zimeshafungwa na majimbo yenyewe. Roosevelt alifunga zilizobaki, wakaguzi wakapekua vitabu, kisha Jumapili usiku tarehe 12 Machi 1933 akazungumza redioni kwa muda usiofika dakika 15, akieleza kwa lugha ya kawaida benki hufanya nini na pesa ya mtu. Jumatatu zilipoanza kufunguliwa watu waliokuwa wamepanga foleni kutoa pesa zao walipanga tena, safari hii kuzirudisha.

Dawa ya kudumu ilikuja Juni: bima ya amana, iliyoanza kazi Januari 1934 kwa kiwango cha dola 2,500. Huandikwa kwa jina la mwenye akaunti, si la mwenye benki, ndiyo maana naipenda. Msimpambe nayo Roosevelt, lakini. Mwanzoni hakuitaka, aliogopa benki imara zitabebeshwa mzigo wa benki dhaifu. Ni watu wa Bunge walioisukuma.

SWALI: Eti kuku ndiye aliyeua mpango wa viwanda?

Ndiye. Kanuni za ule mpango wa kupanga bei na mishahara viwandani, uliokuwa na nembo ya tai wa buluu, zilifika hadi kwa wauza kuku wa Brooklyn, zikimkataza mnunuzi kuchagua kuku mmoja mmoja tunduni: tia mkono, chukua anayekuja. Majaji wa Mahakama ya Juu walipoelezwa hilo, ukumbi uliangua kicheko. Tarehe 27 Mei 1935 majaji wote 9 waliufuta.

SWALI: Pensheni ya uzeeni ya 1935 iliwafikia wazee wote? Wazee ninaobishana nao wanasema ndiyo.

Waambie wazee wako wasome vifungu. Sheria ya 14 Agosti 1935 ndiyo kazi kubwa kuliko zote za New Deal, na Waziri wa Kazi Frances Perkins anastahili heshima yake. Hundi ya kwanza ya kila mwezi ilitoka Januari 1940, ya Ida May Fuller wa Vermont: dola 22.54. Alikuwa amekatwa dola 24.75 kwa jumla, akaishi miaka 100, na alichopokea kikapita dola 22,000.

Lakini sheria iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani. Wizara ya Fedha ilisema kukusanya kodi kwao ni shida. Inawezekana. Ila kusini mwa nchi kazi hizo mbili ndizo zilizowaajiri weusi wengi, na sijaona wabunge wa huko wakihuzunika. Walianza kuingizwa kwa marekebisho ya 1950, wale wenye ajira ya kudumu tu. Mpishi wa nyumbani aliyekuwa na miaka 50 siku sheria inasainiwa alipika hadi 1951 ndipo makato yake yakaanza kuandikwa. Alikuwa na miaka 65 au 66.