Maswali yenu: hii kofia ya taa nyekundu inaotesha nywele kweli?

Wiki hii nusu ya meseji zenu ni za taa nyekundu, yani kofia, helmeti, vitana vya leza, mpaka kuna mmoja kaniuliza kuhusu balbu. Nimechagua 5 nizijibu.

*Dokta habari. Nna miaka 34, utosini pameanza kuonekana ngozi, mzee wangu nae ana kipara toka zamani. Nimeona kofia ya taa nyekundu onlaini wanasema miezi 3 tu nywele zinarudi zote. Ni kweli au napigwa?*

Kaka, hapo kwenye "zote" ndio unapigwa, ila taa yenyewe sio uongo. Mwaka 1967 kule Budapest daktari mmoja wa Hungaria, Endre Mester, aliwanyoa panya mgongoni akawamulika na leza nyekundu hafifu, alitaka kujua kama inaleta kansa. Kansa hakuiona, alichoona ni manyoya yanarudi haraka kwa panya waliomulikwa kuliko wenzao. Yani jambo lenyewe liligunduliwa kwa bahati tu.

Inavyoaminika ni kwamba mwanga mwekundu wa kati ya nanomita 630 na 670 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) unapenya ngozi kidogo, seli za kwenye shina la nywele zinaunyonya na kutengeneza nguvu zaidi, basi nywele iliyokuwa imepumzika inaanza tena kukua. Watu walishapimwa, wengine wakapewa kifaa cha ukweli wengine feki chenye taa isiyofanya kitu bila wao kujua. Baada ya wiki 26 wenye kifaa cha ukweli waliongeza nywele kama 20 kwa kila sentimita moja ya mraba. Sasa angalia ukucha wa kidole kidogo cha mkono wako, eneo hilo ni kama sentimita moja ya mraba, nywele 20 hapo zinaonekana kama utosi ndo unaanza kufifia, ila kama pameshakuwa peupe kabisa hata mkeo hatoziona. Na ujue tafiti nyingi kati ya hizo zililipiwa na watengenezaji wenyewe, mi hua nazisoma kwa jicho moja.

Usitishwe pia na maneno "imeruhusiwa na FDA". Ni kweli mamlaka hiyo ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kitana cha leza cha HairMax kwa wanaume mwaka 2007 na kwa wanawake 2011, lakini ruhusa ya namna hiyo sio kipimo kile kigumu wanachopitishwa dawa mpya.

Kingine, kipara cha kurithi kinaletwa na homoni inayoitwa DHT, inasinyaza mashina taratibu, na taa haiigusi hiyo homoni hata kidogo. Kwa hiyo ukiacha kujimulika unarudi ulipokuwa. Mi ningekuwa wewe ningeanza kuongea na daktari wa ngozi kuhusu dawa za nywele kama minoksidili au finasteride, taa iwe ya kuongezea.

*Dokta, nina wiki ya 5 natumia helmeti. Mwanzo ilikuwa dakika 20 mara 3 kwa wiki, nikaona inachelewa nikapandisha saa nzima kila siku. Sasa nywele zinadondoka zaidi, mto umejaa!! Nimejiharibu?*

Haujajiharibu, ila shusha. Mwanga huu sio maji kwamba ukimwagia mengi mmea unakua haraka, kuna kiwango kinachosaidia na ukikipita faida inapungua au inapotea kabisa. Rudi kwenye dakika zilizoandikwa kwenye kifaa. Huko kudondoka wiki za mwanzo kunatokea kwa baadhi ya watu, nywele zilizokuwa zimelala zinasukumwa nje na mpya zinazokuja chini yake, hata wa minoksidili wanapitia hayo hayo. Nywele 50 mpaka 100 kwa siku zinadondoka kwa mtu yeyote mzima. Ikifika mwezi wa tatu bado unaokota mafungu, au ngozi inawasha na kuuma, acha ukaonwe. Halafu piga picha kila mwezi, kiti kilekile, taa ileile ya chumbani, nywele kavu, maana kioo cha kila asubuhi kinadanganya.

*Dada dokta, nywele za pembeni mwa paji zimeisha sababu ya kusuka kwa kubana, mwaka wa 6 huu. Hapo pamekuwa laini panang'aa. Taa itanisaidia?*

Mdogo wangu, hilo neno panang'aa ndio limenisimamisha. Pitisha kidole taratibu kwenye mwanga wa dirisha, kama unaona vitundu vidogo na vinyweleo laini laini vya kama mtoto, mashina yapo bado, acha kubana leo hii na kuna matumaini. Kama ngozi imelala kama kioo, hakuna kitundu hata kimoja, basi pana kovu na taa haina cha kuamsha pale. Nenda kwa daktari wa ngozi kabla hujanunua chochote, anaweza kukata kipande kidogo cha ngozi akakipima. Na wengine wote mnaojimulika juu ya wigi au rasta nzito, mnaimulikia wigi. Tenganisha nywele ngozi ionekane.

*Nikifunga balbu ya kawaida na karatasi nyekundu si ni kitu kilekile?*

Hapana ndugu yangu. Karatasi inachuja tu, mwanga unaobaki ni kidogo na mwingi sio wa zile nanomita. Utapata joto na karatasi inaweza kushika moto. Hata hizo leza za ukweli usizitazame kwa macho, na kama unatumia dawa zinazofanya ngozi ichukie mwanga, mfano doxycycline, muulize kwanza aliyekuandikia.

*Nimejifungua miezi 4 iliyopita, nywele zinatoka kwa viganja nikioga. Ninunue kofia?*

Usinunue, mama. Ukiwa mjamzito nywele nyingi ziligoma kudondoka, sasa zinadondoka kwa pamoja, na kwa wengi zinarudi zenyewe mpaka mtoto akifikisha mwaka. Ila ukipima damu uwaambie waangalie na madini ya chuma na tezi ya shingo. Mtoto akianza kutembea na bado zinatoka hivyo, niandikie tena.