Watoto wanapasiana safi kwenye mistari, mechi ikianza wote wanajaa kwenye mpira, nifanyeje?

SWALI: Kocha habari yako. Nina watoto 14, miaka 9 mpaka 11, mipira mitano na koni za kutosha. Nikiwapanga mistari miwili wapasiane wanapasiana safi kabisa, ila tukicheza mechi wote wanakimbilia mpira, pasi hakuna, na kuna wawili wanaojua chenga wanataka kupita timu nzima peke yao. Nikapiga marufuku chenga, nikasema tachi mbili tu, yani kila mtu aguse mpira mara mbili kisha autoe, sasa hata hao wawili wamepoa. Nasikia watu wanatumia michezo midogo ya 3 kwa 3 na 4 kwa 4 lakini sijui naipangaje, na wazazi wanalalamika kwamba huo sio mpira, wanataka 11 kwa 11.

JIBU: Salama kabisa kocha, na asante kwa kueleza vizuri. Nianze na ile mistari maana tatizo limekaa hapo. Mtoto akiwa kwenye mstari anajua mpira unatoka wapi, anajua anampa nani, hakuna anayemkaba, yani kila kitu umeshamuamulia wewe, yeye kabakiza kupiga tu. Mechi inamuuliza mambo mengine kabisa, nimpe nani, nimpe sasa hivi au nisubiri kidogo, nipite mwenyewe au nigeuke nirudi, na hayo maswali mazoezini hajawahi kuulizwa hata siku moja. Kwa hiyo pasi wanayo, ila kuona na kuamua ndo bado, na hivyo viwili mtoto hajifunzi mpaka awepo mtu mbele yake anayetaka kweli kumpora mpira.

Hapo ndo michezo midogo inaposaidia. Kwenye 3 kwa 3 mtoto ana wenzake wawili tu wa kuwaangalia, hesabu hiyo kichwa cha miaka 9 kinaiweza, na mpira unamrudia kila baada ya muda mfupi. Kwenye 11 kwa 11 unamtaka aangalie wenzake kumi, haiwezekani, matokeo yake anaangalia kitu kimoja tu nacho ni mpira, wanajazana pale kama nyuki. Hiyo sio utovu wa nidhamu, uwanja ni mkubwa kuliko akili yake ilipofikia.

Sasa la kwanza kabisa, ondoa hiyo marufuku ya chenga leo leo. Mtoto wa miaka 10 anayethubutu kumkabili beki ana kitu ambacho ni kigumu sana kumrudishia baadaye ukishakiua, na tachi mbili kwa umri huo zinamfanya autoe mpira haraka bila kuangalia, anautupa tu apone. Wewe unachotaka ni achague, chenga inapolipa apige chenga, pasi inapolipa atoe pasi. Na kumfikisha hapo usitumie sauti, badilisha uwanja na namna ya kuhesabu magoli, watoto wanafuata pointi kuliko wanavyofuata maneno yetu.

Mchezo ambao ningeanza nao kwako ni 3 kwa 3 yenye magoli madogo manne, mawili kila upande, yakae karibu na kona. Uwanja uwe karibu mita 25 urefu na 20 au 22 upana, usiwe mwembamba. Kila timu inashambulia magoli mawili na kulinda mawili. Angalia kinachotokea, wakijazana wote kulia kulinda goli moja, la kushoto liko wazi kabisa, na mtoto wa kwanza kuinua kichwa anafunga kirahisi. Wakifungwa hivyo mara mbili tatu utaona mmoja anaanza kubaki upande wa pili mwenyewe, hukumwambia, na mwenzake naye anagundua kuna mtu yuko huru kule. Huo ndo mtawanyiko unaoupigia kelele kila siku. Ukitaka kuwazuia wasipige mashuti ya mbali weka mstari mita 6 kutoka golini, goli linahesabika ukifunga ndani ya huo mstari tu. Kwa watoto 14 una uwanja mmoja wa 3 kwa 3 na mwingine wa 4 kwa 4, huu wa pili uongeze kidogo, mita 30 kwa 20 mpaka 25. Mmoja asipokuja, huku kwenye wanne weka mchezaji huru anayechezea timu yenye mpira, na umbadilishe kila raundi, asikae mtoto mmoja muda wote.

Mpira ukitoka asirushe, auweke chini aingie nao akikokota au atoe pasi. Na mipira inayobaki usiiache kwenye begi, iweke pembeni ya uwanja, ukitoka mmoja wanaanza na mwingine papo hapo.

Kwa ajili ya chenga tumia mageti. Chora eneo la mita 20 kwa 20, tawanya mageti ya koni mbili mbili, upana mita moja na nusu, yawe mengi kuliko timu zinazocheza humo. Hapo wacheze 2 kwa 2, pointi moja ukipita getini na mpira mguuni, pointi moja pia ukimpa mwenzako pasi ikapita getini naye akaituliza upande wa pili, ila geti lile lile hairuhusiwi mara mbili mfululizo. Hiyo sheria ya mwisho usiiache, ndo inayomlazimisha mtoto kugeuka, maana akishapita lazima atafute geti lingine na mpinzani yuko mgongoni. Huu unachosha, dakika moja na nusu kisha wapumzike dakika moja, wakichoka sana wanaanza kupiga hovyo na hawajifunzi chochote pale.

Wale wawili mafundi wako usiwaweke timu moja na watoto wanaowaogopa. Waweke timu pinzani wakabiliane wao kwa wao, na timu ziwe sawa kwa idadi. Sasa fundi akishika mpira na wapinzani wawili wakimjia yeye, maana yake mwenzake mmoja yuko wazi. Muache apoteze mara kadhaa. Mpira ukisimama muite pembeni umuulize kwa upole, walipokujia wawili, nani alibaki peke yake? Akijibu mwenyewe lile jibu linakaa. Unaweza pia kusema goli lililotokana na kugongeana linahesabiwa mawili, lakini goli la chenga nalo liendelee kuhesabiwa. Na tafadhali kocha, mtoto akiwa na mpira mguuni usipige kelele "pasi! pasi!", atatoa kwa sababu umesema, sio kwa sababu ameona.

Rondo nayo, ule mchezo wa duara wenye mtu wa kukaba katikati, ni nzuri ila kwa kiasi. Anza 4 kwa 1 kwenye mraba wa mita 8, wakiweza nenda 4 kwa 2 kwenye mita 10. Humo kuna kitu kimoja cha kukaza macho, anavyosimama anayepokea. Mtoto akiukabili mpira kifua wazi, miguu yote miwili inaangalia ulikotoka, hana njia nyingine zaidi ya kuurudisha kule kule. Akisimama kiubavu, bega moja kwa mpigaji na lingine kwa anakotaka kwenda, akaupokea na mguu wa mbali, tachi ya kwanza tu imeshamgeuza na anaona uwanja wote. Simamisha mchezo kwa hicho tu, muoneshe, aurudie, endeleeni. Ila rondo haina goli wala mbele na nyuma, kwa hiyo dakika 10 zinatosha, zaidi ya hapo unawanyima michezo yenye goli ambayo ndo wanaihitaji.

Kuhusu wazazi, waite uwaeleze kwa ushahidi. Ujerumani kuanzia msimu wa 2024/25 wamebadilisha mpira wa watoto nchi nzima, wadogo kabisa wanacheza 2 kwa 2 au 3 kwa 3, na wale wa chini ya miaka 10 na 11 wanacheza 5 kwa 5 mpaka 7 kwa 7. Marekani tangu 2017 walioko chini ya miaka 10 ni 7 kwa 7, chini ya miaka 12 ni 9 kwa 9. Hakuna anayekimbilia 11. Halafu wape wazazi kazi, kila mmoja ahesabu mtoto wake kagusa mpira mara ngapi kwenye dakika kumi za 11 kwa 11 mkicheza na timu nyingine, kisha dakika kumi za 3 kwa 3. Wakishahesabu wenyewe mabishano yanapungua sana. Na hakikisha mipira yako ni namba 4, namba 5 ni ya miaka 13 kwenda juu, mguu mdogo na mpira mzito unaharibu pasi zote unazofundisha.

Ukishaanza, angalia dakika tatu za kwanza za kila mchezo bila kusema kitu. Kama hakuna goli hata moja na mpira unaporwa kila sekunde, ongeza mita mbili tatu za upana au toa mkabaji mmoja. Kama magoli yanaingia bila jasho, punguza eneo. Usiwabadilishie mchezo kila siku, huo wa magoli manne urudie hata wiki tatu mfululizo ukibadilisha sheria moja moja tu, wakishaujua hawapotezi muda kuuliza sheria, wanacheza.