Swali la lugha: Torki tuiiteje kwa Kiswahili?

"Mwalimu, shikamoo. Natafsiri makala kuhusu magari ya spoti ya umeme na nimekwama kwenye torki (torque kwa Kiingereza), ule uwezo wa mota kuzungusha magurudumu. Niliandika hivi: 'Gari hili lina nguvu nyingi, lakini sifa yake kubwa ni nguvu, kwani hupata nguvu zote papo hapo.' Mwenzangu alicheka, akanishauri niandike 'msokoto'. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Mwenzako ana haki ya kucheka, ila dawa aliyokupa nayo ina walakini.

Tatizo lako ni neno nguvu, ambalo tunalibebesha mizigo mingi mno. Mpagazi ana nguvu, dawa ina nguvu, hoja ina nguvu. Katika mazungumzo halina madhara, kwa sababu msikilizaji anajua tunazungumzia nini. Kwenye makala ya magari, hasa ya umeme, neno hilo moja linafunika vitu vitatu, na uzuri wa magari hayo umejificha katika tofauti zao.

Chukua spana yenye mpini wa nusu mita, uivike kwenye nati iliyoshika kutu. Sukuma ncha ya mpini kwa kani, yaani msukumo, ya nyutoni 100 (nyutoni ni kipimo cha kani). Nati haijasogea hata kidogo, lakini tayari umeitia torki ya nyutonimita 50, yaani nyutoni 100 mara nusu mita. Ongeza urefu kwa kuchomeka bomba kwenye mpini, ufike mita moja, kisha usukume vilevile: sasa ni 100. Mafundi hufanya hivyo kila siku bila kuuliza linaitwaje. Sasa tazama jambo hili: maadamu nati haijazunguka, nguvu ile inayopimwa kwa kilowati bado ni sifuri. Hiyo hupatikana pale torki inapozidishwa kwa kasi ya kuzunguka. Kwa hiyo kani ni ule msukumo wa mkono wako, torki ni uwezo wa msukumo huo kuzungusha kitu, na nguvu ni kazi inayofanyika kwa kila sekunde. Mimi ningeliacha neno nguvu libaki kwenye hilo la tatu, kwa kuwa "nguvu za farasi" zimeshakaa hapo na haziondoki.

Ndiyo maana sentensi yako, pamoja na kuchekesha, imesema uongo. Gari la umeme likiwa bado limesimama halina nguvu "zote". Lina torki yote, au karibu yote, kwa kuwa mkondo wa umeme ukipita kwenye mota, mhimili unasukumwa hata kabla haujaanza kuzunguka. Injini ya petroli haiwezi hivyo. Ikisimama imezima, kwa hiyo huachwa ikizunguka pole pole na kusubiri klachi iiunganishe na magurudumu. Mota ya umeme nayo, ikizunguka, huzalisha umeme unaoupinga ule unaoingia; mwendo ukizidi sana, upinzani huo huwa mkubwa, na torki hushuka. Rimac Nevera, gari la Kroatia lenye mota nne, moja kwa kila gurudumu, hutajiwa nyutonimita 2,360 na nguvu za farasi 1,914. Ukiandika "nguvu" kwa tarakimu zote mbili, msomaji atajua tu kwamba ni nyingi.

Tuje kwenye msokoto. Kitenzi sokota ni cha uzi na kamba, na msokoto ni kile kilichosokotwa au namna kilivyosokotwa. Neno hilo ningelitunza kwa shafti inayojipinda kwa kuzidiwa. Isitoshe, ukiandika kwamba mota "ina msokoto mkubwa", msomaji wa magazeti atakumbuka ile misokoto ya bangi iliyokamatwa na polisi. Wengine huandika "nguvu ya mzunguko", lakini mzunguko ni mwendo wenyewe wa kitu kinachozunguka, ilhali torki ni chanzo chake. Tofauti hiyo Kiswahili kinayo tayari katika zunguka na zungusha. Kwa hiyo, kama lazima ueleze, sema "uwezo wa kuzungusha" mara moja tu, kisha endelea na torki. Neno liingie ngeli ya I-ZI: torki hii, torki kubwa. Muundo wa rk usikutishe, shirki tunayo. "Toki" ninaikataa, inafanana mno na hatoki.

Umeuliza kuhusu torki, lakini nina hakika utakwama tena mbele kidogo. Tunasema gari "limechanganya" linapokolea mwendo. Kitenzi hicho kina subira ya petroli ndani yake, maana gari huanza taratibu, hupanda gia, ndipo likachanganya. La umeme huondoka likiwa limeshachanganya, na mengi hayana gia za kubadilisha. Hapo tumia "huchapuka", na kipimo chake kiwe mchapuko. "Kukanyaga mafuta" je? Kwenye simulizi acha, kama tunavyowasha taa bila kiberiti. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa, mwaka 1899, lilikuwa la umeme, na dereva wake, Mbelgiji Camille Jenatzy, hakuwa na mafuta ya kukanyaga. Ila kwenye maelezo ya kiufundi andika pedali. Na kinachoendesha gari hilo ni mota, usikiite injini.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Gari hili lina nguvu nyingi, lakini sifa yake kubwa ni torki, kwani huipata karibu yote tangu magurudumu hayajazunguka." Na "magari ya spoti" umefanya vyema kuyaacha hivyo. "Magari ya michezo" yangemfanya mtu afikirie basi la timu.