Maswali ya Wasomaji: Kuandaa Riwaya Ndani ya Nyumba Yenye Watu

Barua nyingi safari hii zimetoka Tanga, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu ana hadithi kichwani, ana familia nyumbani, na daftari bado tupu. Tumejibu nne.

Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Makorora. Alfajiri nachoma vitumbua, na kufika saa tatu asubuhi nimeshauza vyote. Wakubwa wawili wako shule, mdogo wa miaka mitatu ninaye. Baba watoto hurudi kula saa saba, na mama mkwe naishi naye. Kila nikikaa na daftari naitwa. Nianzie wapi, na muda niupate wapi?

Waaleikum salaam, dada. Muda unao, ila ni wa vipande. Riwaya huandikika kwa vipande ikiwa imeandaliwa hivyo tangu mwanzo. Anayekaa na daftari tupu hutumia robo saa kukumbuka alipoishia na robo nyingine kuamua kinachofuata. Akiitwa hapo, hajaandika hata neno. Kwa hiyo maandalizi yako yote yalenge hili: ukikaa tu, ndani ya dakika mbili uwe unaijua sentensi ya kuanzia.

Wengi watakwambia uamke alfajiri uandike. Kwako haufai ushauri huo, saa hizo uko na moto na kikaango. Usiku nao usiutegemee, maana aliyeamka saa tisa na nusu kuangalia unga kama umeumuka, saa nne usiku anasinzia juu ya kalamu. Kipande chako ni saa tatu na nusu hadi saa nne na robo, ukishahesabu mauzo na kabla hujawasha mkaa wa chakula cha mchana. Mdogo mpe karatasi na penseli yake mwenyewe, na ujue utainuka mara mbili au tatu. Mama mkwe mwambie mapema na kwa adabu: "Mama, naomba mpaka saa nne na robo, kisha nakuja tuchambue mchicha." Watu wa nyumbani huvumilia muda ambao mwisho wake wanaujua. Na saa ikifika, funga kweli. Ukizidisha leo, kesho hawatakuamini.

Nunua kaunta buku mbili. Ya kwaya 3, yenye kurasa 288, ni ya mswada: andika upande wa kulia tu, wa kushoto uache kwa masahihisho. Nyingine ndogo iwe ya maandalizi. Tumia kalamu ya wino, kwa sababu penseli hufifia kurasa zikisuguana.

Jipe wiki sita kabla ya kuandika sura ya kwanza. Wiki ya kwanza fanya kazi moja tu: sentensi tatu zinazosema nani anataka nini, nani anamzuia, na akishindwa atapoteza nini. Kwa mfano: Binti wa Pangani anataka kuikomboa mashua ya marehemu baba yake. Ami yake ameshaiweka rehani kwa tajiri wa dagaa. Asipoikomboa kabla ya kusi kuanza kuvuma, mashua itauzwa na wadogo zake watagawanywa kwa jamaa. Hapo pana mtu, pana pingamizi, na pana siku ya mwisho. Hadithi isiyo na siku ya mwisho hulegea katikati, karibu na sura ya kumi, na hapo ndipo miswada mingi hufia. Sentensi hizi usizione ndogo. Kuziandika mara kumi au kumi na tano ni jambo la kawaida.

Wiki ya pili ni ya wahusika, ukurasa mmoja kwa kila mmoja, wakuu wasizidi watano: mwaka wa kuzaliwa, kazi, siri yake, na anavyomwita kila mwenzake. Jambo hilo la mwisho wengi huliruka. Ukishajua binti anasema "ami" kwa sauti gani na anamkwepa wifi yake vipi, nusu ya mazungumzo imeshapatikana.

Wiki ya tatu na ya nne, amua mwisho kwanza, kisha kata maboksi ya sabuni upate kadi 26, moja kwa kila sura. Kwenye kadi andika mahali na saa, nani anataka nini hapo, na kitu gani kimebadilika sura ikiisha. Kadi ambayo hakuna kinachobadilika, iunganishe na jirani yake. Wiki ya tano zitandaze sakafuni watoto wakiwa shule, uzihamishehamishe mpaka kila tukio lizae linalofuata. Wiki ya sita andika ukurasa mmoja mara mbili, kwanza kwa nafsi ya kwanza, halafu kwa nafsi ya tatu, uone upi unatiririka.

Ukianza mswada, lenga maneno 300 kwa kikao, siku tano kwa wiki. Hayo ni maneno 1,500, yaani sura moja. Kwa sura 26 utafika maneno 39,000, riwaya kamili ya Kiswahili, katika nusu mwaka. Mwezi wa Ramadhani uondoe kabisa kwenye hesabu. Kati ya futari na daku soma kadi zako tu. Na kila siku, kabla hujafunga daftari, andika mstari mmoja wa kinachofuata: "Ami anabisha hodi, mkononi ana karatasi." Ukiitwa ghafla, andika huo mstari kwanza, ndipo uitike.

Mimi ni mwalimu, niko Chumbageni. Niliandika sura nne, kisha ikaja harusi ya mdogo wangu na wageni wakakaa wiki tatu. Niliporudi kwenye mswada sikuelewa nilikuwa naelekea wapi. Tena nimegundua binti wa sura ya kwanza ana miaka 15, sura ya nne ana 19, na mwaka ni uleule. Nianze upya?

Usianze upya, mwalimu. Anayerudi mwanzo kusahihisha huishia na sura nne safi sana na riwaya isiyokwisha. Soma sura ya nne peke yake. Zile tatu zipitie haraka, kila moja uifupishe kwa mistari mitano kwenye karatasi ya pembeni. Kisha chora kalenda ya riwaya: safu moja ya miezi, moja ya matukio, moja ya umri wa kila mhusika mwezi huo. Amua binti ana miaka mingapi, andika "badilisha sura ya 1" pembeni ya daftari, uendelee na sura ya tano kana kwamba umeshabadilisha.

Shughuli nyingine itakuja, ikiwa si harusi ni msiba, na huwezi kujifungia chumbani. Siku hizo usidai maneno 300. Weka kadi ya sura inayofuata mfukoni, uisome mara moja kwa siku, na ukipata wazo jirekodi kwa simu kwa dakika moja. Mswada hupoa kwa sababu kichwa kimekaa mbali nao siku nyingi mfululizo. Kuugusa kidogo kila siku kunatosha kuuweka hai.

Shikamooni. Nataka kuandika riwaya ya mashamba ya mkonge, miaka ya 1950 na 1960. Bibi yangu aliishi kambini. Nifanye utafiti kiasi gani kabla ya kuanza?

Marahaba, mwanetu. Utafiti una hatari yake: ni mtamu, na nyumbani hakuna atakayekusumbua ukionekana unasoma, kwa hiyo mtu hujificha humo mwaka mzima. Uwekee wiki tatu. Lingine lolote utakalolikosa, weka alama ya kuuliza kwenye mswada na usonge mbele.

Anza na bibi, maana vitabu vitangoja. Usimwulize "maisha yalikuwaje?" Mwulize manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliamshwa saa ngapi, kipande, ile kadi ya siku za kazi, kilijazwa vipi, posho ilikuwa nini, watoto walichezea wapi, korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, ilinguruma mpaka saa ngapi. Nusu saa kwa kikao inatosha, akichoka, acha. Kisha nenda Maktaba ya Mkoa, na upite makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani uangalie picha.

Mpangilio wa miaka uwe nao mkononi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, mwaka 1893, na reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo mhusika wako wa 1955 anaweza kupanda treni. Nchi ni Tanganyika mpaka Aprili 1964, na jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba mwaka huohuo. Mhusika wa 1962 hawezi kulisema. Shilingi ya Tanzania ilitoka 1966. Kabla yake watu walitumia shilingi ya Afrika Mashariki. Umbali ulipimwa kwa maili, si kilomita. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yalitaifishwa, na bei ya mkonge ilikuwa imeshaanguka kwa sababu ya nyuzi bandia za viwandani. Kosa moja la namna hiyo kwenye ukurasa wa tatu, msomaji wa Muheza au Korogwe ambaye babu yake alikata mkonge hatakuamini tena.

Mume wangu amesoma kurasa zangu kwa siri na amenuna. Anasema yule bwana mkali ni yeye. Nifanyeje?

Mwambie ukweli, dada: kama kuna kitu umekichukua kwake, kiseme. Kisha mfanyie kazi mhusika. Badilisha kazi yake na mtaa wake, na mchanganye na mtu mwingine mmoja unayemfahamu, awe na hasira za huyu na mwendo wa yule. Kwa kawaida mhusika huyo hunoga zaidi, kwa kuwa sasa unalazimika kumbuni badala ya kumnakili. Rasimu ya kwanza asiione mtu wa nyumbani, hata anayekusifu, maana sifa za mapema nazo hukufanya uandike kwa kumridhisha yeye. Ifungie kwenye sanduku la nguo mpaka sura ya mwisho iishe, halafu mumeo awe wa kwanza kusomewa, kwa sauti, ukiwa umekaa naye.